Uyoga wa Mkwe Wangu

14 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri, nami nimefungua daftari jipya. Kila msimu wa mvua naandika uyoga gani umetoka, siku gani, chini ya mti gani. Kazi hii niliianza mwaka aliokufa mume wangu, na hadi leo hakuna mwanamke hapa Kalundu anayebishana nami juu ya uyoga. Anayebisha namfungulia ukurasa.

Binti yangu Nkandu ana mimba ya miezi sita. Anakaa hapa kwangu na mumewe, kama ilivyo desturi yetu: mwanamume huja kufanya kazi kwa wakwe, hasombi mke kama mbuzi wa mnadani. Mkwe wangu anaitwa Sampa. Huu ni mwaka wa pili yupo kwangu na sijawahi kumtazama usoni, wala yeye mimi. Akija njiani nageuka. Nikiwa na neno namwambia kuku. "Ewe kuku, paa la jiko linavuja," nasema kwa sauti, na kesho yake paa limeezekwa. Uso wake siujui, lakini shoka lake nalijua. Hupiga mapigo matatu, akapumzika, matatu tena. Asubuhi nikilisikia najua nyumba yangu ina mtu.

19 Novemba

Mvua. Hakuna kilichotoka.

27 Novemba

Chitondo, ule uyoga wa manjano, umetoka chini ya miti ya mitondo bondeni. Tulikwenda wanawake sita na wasichana wanne. Wasichana niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi: usiuulize uyoga jina lake, uulize mti. Msituni hakuna mseja. Chitondo ameolewa na mtondo. Ndelema, yule mweupe, naye ni wa mtondo huo huo. Tente, uyoga wa vichuguu, ana mchwa wake. Hata viwavi tunaowala wana mti wao. Ukikata mti, uyoga wake hauonekani tena, na mti wenyewe bila uyoga wake hudumaa. Ndiyo maana kila mmoja wetu huweka jani la mti juu ya kikapu. Mpishi akiona jani anajua alicholetewa. Kikapu kisicho na jani hakipikwi.

Besa, mke mpya wa mwalimu, alitufuata bila kualikwa. Ametoka mjini, upande wa migodi, na msituni anaingia na viatu vyekundu vya mpira. Akaniuliza, akiniita mama wa Nkandu kwa lugha yetu, "Bana Nkandu, na kama jani limeletwa tu na upepo?"

"Huko kwenu mnachuma uyoga dukani, dada," nikamwambia. "Upepo wa huku una adabu."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika magoti.

3 Desemba

Nimeletewa habari ambayo sikutaka kuiandika. Lwabwe, ng'ambo ya mto, wamezika watu wanne wa nyumba moja, baba, mama na watoto wawili. Jioni walikula uyoga mweupe. Kulipokaribia kucha matumbo yakawashika, wakatapika, wakaharisha maji matupu. Siku ya pili wakaamka wazima. Yule mama alifagia uwanja, akataniana na majirani, akapika uji. Siku ya tatu macho yao yakawa manjano. Kufika siku ya tano makaburi yalikuwa manne.

Inayonitisha ni ile siku ya pili. Ugonjwa unaokuachia ukafagie uwanja kwanza, ndipo ukurudie, sijapata kuusikia.

4 Desemba

Nimelala vibaya.

8 Desemba

Watu wanasema Lwabwe kuna mchawi. Mimi nimesema kisimani kwamba si uchawi, ni uvivu, hawakuuliza mti. Besa alikuwepo. Akasema polepole, macho kwenye ndoo yake, "Nilikokulia kuna mashamba ya misonobari. Chini yake hutoka uyoga mweupe, mzuri wa kupendeza. Baba yangu alikuwa mlinzi huko, akifukuza watu kwa fimbo wasiuchume. Ule uyoga haukuwa wa nchi hii. Ulikuja na miche, ndani ya udongo wake."

"Sisi hatuna misonobari," nikasema.

"Mnayo. Kwenye ile bustani ya zamani ya miche, nyuma ya shule."

"Na nani anachuma kule? Hata nyani hawaendi. Una muda gani hapa, dada?"

"Miezi minne."

"Basi ukitimiza mwaka, uje unifundishe."

Wakacheka. Besa akajitwika ndoo yake akaenda zake. Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote, na najijua: hofu ikinishika ndipo ninapocheka hivyo.

13 Desemba

Makasa, mjomba wa Sampa, ametuma ujumbe. Wanauliza ni lini tutamwingiza mkwe. Ana haki ya kuuliza, maana mtoto anakaribia. Siku hiyo mama mkwe hupika kila chakula cha nyumba yake, mkwe akaonja kila chungu, na kuanzia hapo mnaweza kutazamana na kuamkiana kama watu. Tumekubaliana tarehe ishirini. Nitapika kuku, samaki, viwavi, maharage, majani ya mihogo kwa karanga, na ndelema. Nikikosa ndelema, nitaweka wapi uso wangu? Mwanamke wa uyoga anamwingiza mkwe bila uyoga mweupe!

16 Desemba

Hakuna ndelema. Mvua nyingi, jua hakuna.

17 Desemba

Hakuna.

18 Desemba

Hakuna. Nkandu ameniambia, "Mama, si uweke chitondo tu? Sampa atakula hata mawe, mradi umepika wewe." Nimemwambia chitondo ni chakula cha kila siku. Amenitazama, akaendelea kupeta karanga. Tangu apate mimba ana namna ya kutazama inayoudhi.

19 Desemba

Nimeipata! Kumi na miwili, myeupe, minene, imetoka asubuhi hii hii. Imo chini ya mtondo mkubwa, upande wa pili wa kijito kilicho nyuma ya shule.

Ndiyo, ile bustani ya zamani iko karibu. Nililiona hilo, mimi si kipofu. Nilisimama penye uyoga nikahesabu hatua hadi kwenye msonobari wa kwanza: arubaini na moja, na kijito katikati. Juu yangu kulikuwa na matawi ya mtondo tu, chini majani ya mtondo tu. Niliuuliza mti, na mti ukajibu. Nikaweka jani juu ya kikapu.

Njiani nilikutana na Besa. Nilikifunika kikapu kwa kitenge, sijui kwa nini.

20 Desemba

Tumemwingiza mkwe. Tulipakua jua likielekea kutua. Makasa alikuja na shangazi wawili wa Sampa, wakakaa kwenye mkeka kama majaji. Kwa desturi mpishi huonja kwanza mbele ya mashahidi, nami nikaonja kila chungu. Katika ndelema nilichukua vipande viwili. Kisha vyungu vikapelekwa kwa Sampa, aliyekaa amejifunika shuka kichwani. Niliona mikono yake tu, mipana, ina sugu za shoka. Vyungu vingine alionja kama ipasavyo. Cha ndelema alikimaliza, akapangusa mchuzi kwa tonge la ubwali, ugali wetu, na wale shangazi wakapiga vigelegele. Nkandu hakugusa. Chungu cha mkwe mke haonji.

Kesho asubuhi ataniamkia uso kwa uso. Nimefurahi.

21 Desemba

Hakuniamkia. Kulipopambazuka nilisikia anatapika nyuma ya nyumba, na kabla sijasimama nikatapika mimi.

Naandika nikiwa nimeegemea ukuta. Nimetoka nje mara tisa. Yeye nimeacha kuhesabu. Makasa, aliyelala kwa jirani, amekuja akasimama uwanjani akapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Mmemwingiza mtoto wetu au mmemzika?"

Baadaye. Besa amekuja. Hakubisha hodi, alikwenda moja kwa moja jaani, akapekua, akarudi na vile vitako vya ndelema nilivyovikata jana, amevifunga kwenye jani. Akachuchumaa mbele yangu.

"Umechuma wapi?"

"Chini ya mtondo."

"Mtondo upi, Bana Nkandu?"

Nikamwambia. Alifumba macho kidogo. Ningependa anitukane, lakini alisema tu, "Napeleka hivi zahanati. Wakidhani ni kipindupindu watawapa maji na kuwarudisha nyumbani." Akaondoka mbio na vile viatu vyake vyekundu.

22 Desemba

Leo nimeamka mzima. Tumbo limetulia, kichwa chepesi, nasikia njaa. Jua linawaka. Nimejilaza nikitazama mwanga mlangoni, na kwa kitambo kidogo nikafurahi.

Halafu nikasikia shoka. Mapigo matatu, pumziko, matatu.

Sijui kama nitaweza kuandika jinsi nilivyoogopa. Ile sauti niliyoipenda kuliko jogoo ilinifanya nizibe masikio. Ilikuwa siku ya pili. Mama wa Lwabwe alifagia uwanja, na mkwe wangu anapasua kuni.

Huko nje watu walikuwa wanacheka. Makasa alikuwa amepewa kinywaji cha munkoyo, akawa anasema ah, basi, ni matumbo tu, tuliharakisha maneno. Nkandu alikuwa anaimba. Besa akafika na muuguzi wa zahanati, na lori la mahindi waliloliomba limesimama barabarani. Muuguzi akasema mimi na Sampa twende hospitali ya Kasama sasa hivi. Makasa akakataa. "Huyu mnayemwona na shoka ndiye mgonjwa? Mtoto wetu mmeshamwaibisha vya kutosha." Sampa naye akasema kwa aibu kwamba amepona, na kuni hazijatosha.

Nkandu akamsihi. Akacheka tu. Nikamwambia kuku, Mungu anisamehe, nilisimama mlangoni nikasema "Ewe kuku, mwambie apande lori," na watu wakacheka zaidi.

Ndipo nikaenda. Nilipita katikati ya uwanja, nikawapita wale shangazi walioziba midomo kwa mikono, nikasimama mbele yake nikamtazama usoni. Ni kijana kuliko nilivyodhani. Ana kovu dogo juu ya jicho. Alitaka kugeuka, nikamshika kidevu kama mtoto.

"Weka shoka chini," nikasema. "Nimekulisha sumu. Si ya uchawi, ni ya ujinga wangu. Leo utacheka, keshokutwa utakufa. Nami pamoja nawe. Panda lori."

Sampa aliliweka shoka chini, akapanda.

24 Desemba

Hospitali. Macho yake ni ya manjano. Yangu pia, kidogo. Mimi nilikula vipande viwili. Daktari anasema ini ndilo linaloliwa, na kwamba kuja juzi kumesaidia, lakini hasemi kumesaidia kiasi gani. Kati ya kitanda changu na chake kuna pazia. Namsikiliza akipumua.

25 Desemba

Wodi ya pili wanaimba Noeli. Sampa anaweweseka, ameniita kwa jina la mama yake aliyekufa.

26 Desemba

Anapumua.

27 Desemba

Anapumua. Nkandu amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha mumewe, mkono kwenye tumbo lake. Tangu tufike hajaniuliza neno. Namwogopa mwanangu.

29 Desemba

Leo Nkandu amesema. "Mama, ulijua pale ni karibu na misonobari?"

"Nilihesabu hatua."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilihesabu kwa sababu niliogopa," nikamwambia. "Nikachuma kwa sababu niliogopa aibu zaidi."

Alilia, nami nikalia, kila mtu upande wake wa pazia.

5 Januari

Sijaandika, sikuwa na la kuandika ila hofu. Leo saa nne asubuhi nilisikia sauti nyembamba ng'ambo ya pazia.

"Mama."

Hajawahi kuniita hivyo. Nikasema, "Naam, baba."

"Ule uyoga ulikuwa mtamu. Ndiyo maana niliumaliza."

Nilicheka hadi muuguzi akaja mbio akidhani nimezidiwa.

14 Januari

Tumerudi Kalundu. Sampa amekonda, akitembea anashika ukuta. Shoka liko pale pale alipoliweka, limeshika kutu.

Makasa alikuwa anatungoja. Alizungumza kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Dada, mkwe aliyeingizwa kwa sumu hajaingizwa. Chungu kilichoharibika kirudiwe, cha uyoga vile vile, nawe uonje. Ukiweza, tutajua lilikuwa kosa. Ukikataa, tutajua ulikusudia, na mwezi ukiisha tunamchukua mtoto wetu. Nkandu atajifungua bila mume."

Sampa akasema hataki kwenda popote. Makasa akamwambia anyamaze, maneno haya ni ya wakubwa.

Kupika uyoga. Mikono hii hii.

18 Januari

Nilikwenda kwa Besa kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini alipofungua mlango alisema, "Chukua jembe," tukaenda.

Chini ya mtondo ule palikuwa na uyoga mweupe mpya, mitatu. Tukafukua kwa vidole kuanzia kwenye kitako chake, taratibu, tukifuata utando mweupe udongoni. Haukwenda kwenye mtondo. Ulikuwa umeuzingira mzizi mwembamba mwekundu, nao mzizi ule tukaufuata kwa jembe chini ya majani, chini ya jiwe, tukaukuta tena ng'ambo ya kijito, unanenepa kila hatua. Ulitufikisha hadi kwenye msonobari. Hatua arubaini na moja.

"Mti wa kigeni unatembea chini kwa chini," Besa akasema. "Na mwenzake anatembea naye. Kivuli si ushahidi."

Nilikaa pale chini. Miaka thelathini nawaambia watu waulize mti, na mimi nimekuwa nikiuliza matawi. Nikawakumbuka wale wasichana wanne.

19 Januari

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya tatu msichana alikuwa na kikapu mlangoni, ndelema tano, jani la mtondo juu, amelilaza vizuri kama nilivyomfundisha. Nilikipiga teke. Mama yake amenitukana na nimemwacha amalize, ndipo nikamweleza.

23 Januari

Mvua. Sampa leo ameketi nje. Zimebaki siku nane mwezi uishe.

25 Januari

Nimeota nampakulia Nkandu ile ndelema.

27 Januari

Tente imetoka kwenye kichuguu kikubwa cha bondeni, mbali na shule, mwendo wa saa moja na nusu. Nimekwenda na Besa na Nkandu mwenyewe, na tumbo lake mbele. Sikuchuma hata mmoja kwa macho. Kila uyoga nimeufukua kuanzia shina hadi mwisho, mkono mzima ndani ya kichuguu, mpaka nikafika kwenye vyumba vya mchwa na kuwaona wenyewe wakinitembelea vidoleni, wakali, wananing'ata. Mchwa wanamlisha, naye anawalisha. Hapo hakuna wa tatu. Niliona kwa macho mwenzake ni nani, ndipo nikauweka kikapuni. Imefika saba. Mikono imevimba.

28 Januari

Nimepika asubuhi hii. Saa moja kamili Makasa na wale shangazi walikuwa kwenye mkeka. Nilinyoosha mkono nionje, mkono ukagoma. Ulikaa hewani juu ya chungu. Nilimsikia Makasa akivuta pumzi ya kusema.

Sampa aliinuka mahali pake, akaja, akakaa mbele yangu bila shuka kichwani, akachukua tonge lake akachovya kabla yangu. Shangazi mmoja akapiga kelele kwamba si desturi. Akamjibu kinywa kimejaa, "Shangazi, mimi na mama tumeshakufa pamoja mara moja. Desturi ipi tena?" Nikala. Tulimaliza chungu sisi wawili, tukitazamana.

Makasa amesema atakaa hadi kesho aone.

Saa nne. Hakuna kitu.

Saa saba. Sampa amelala kivulini. Nimekwenda mara nne kutazama kama anapumua.

Saa kumi. Nkandu ananiambia, "Mama, kaa chini." Siwezi kukaa.

Saa kumi na mbili jioni. Ndelema ile ilitungoja karibu usiku kucha, kwa hiyo jioni si jibu. Nimeufunga mlango. Nasikiliza tumbo langu kama mtu anayemsikiliza mwizi darini.

29 Januari

Nilisinzia nimeketi, daftari mapajani. Nimeamshwa na mwanga. Tumbo kimya. Nyumba yote kimya, nikaogopa kutoka nje.

Sasa hivi, wakati naandika mstari huu. Shoka. Mapigo matatu.

Amepumzika. Nimeshika pumzi.

Matatu tena.